Norway kwa Treni: Mwongozo kwa Mstaafu Anayeanzia Safari Uganda

Mtumishi wa serikali nchini Uganda hustaafu kwa lazima anapofikisha miaka 60, ilhali kwenye treni za Norway mtu huhesabiwa mzee, na kupunguziwa nauli, anapofikisha miaka 67. Mimi nilisafiri nikiwa na miaka 61, nikalipa nauli kamili kama kijana, na mke wangu vilevile. Ninalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu wastaafu wenzangu wengi hudhani kwamba mvi zitawapunguzia gharama. Kinachompunguzia gharama mstaafu katika nchi ile ni kitu kingine alicho nacho kwa wingi, nacho ni muda: muda wa kuomba viza mapema, muda wa kukata tiketi mara tu mauzo yanapofunguliwa, na muda wa kusafiri mchana badala ya kulala ndani ya behewa ili kukwepa malipo ya hoteli. Maelezo yote yanayofuata yamejengwa juu ya hilo.

Viza kwanza, tiketi baadaye

Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo Mganda huhitaji viza fupi ya Schengen, ambayo humruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Fomu hujazwa kwenye tovuti ya UDI, ambayo ndiyo idara ya uhamiaji ya Norway, kisha mwombaji hufika mwenyewe kutoa alama za vidole. Ada ya mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa halali kwa miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya. Bima ya safari nayo ifidie matibabu ya euro 30,000 au zaidi katika nchi zote za Schengen.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake, na jibu kwa kawaida huchukua siku 15, ingawa linaweza kuvutwa hadi siku 45. Tiketi za bei nafuu za treni za mbali, kwa upande wake, huanza kuuzwa miezi mitatu hivi kabla ya siku ya safari, na nyingi kati yake hazirudishiwi fedha. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja utaona mpangilio unaofaa: peleka maombi ya viza miezi mitano kabla, ili jibu liwe mkononi siku ambayo tiketi zinafunguliwa. Anayenunua tiketi kwanza ili aonyeshe ubalozini kwamba yu tayari kusafiri anaweza kubaki na karatasi zisizo na kazi.

Liko jambo moja linalowahusu wastaafu peke yao. Kiinua mgongo huingia benki kwa mkupuo mmoja, na afisa anayesoma taarifa ya akaunti yako huona fedha nyingi zimeingia ghafla majuma machache kabla ya maombi, naye ana haki ya kujiuliza kama umezikopa kwa ajili ya kuonyesha. Ambatanisha barua ya kustaafu, hati ya malipo ya kiinua mgongo chenyewe, na taarifa za pensheni ya kila mwezi kama imeshaanza kutoka. Ongeza pia ushahidi kwamba unayo sababu ya kurudi nyumbani, kama vile hati ya ardhi au barua ya chama unachokitumikia. Mimi niliweka hata risiti za ada ya shule ya mjukuu ninayemlea.

Kadi na simu

Fedha taslimu nchini Norway zinatumika kwa nadra mno, na pesa za simu tulizozizoea hapa hazifanyi kazi huko. Nenda benki kabla ya safari, uwaambie tarehe na nchi, wahakikishe kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje na kwa ununuzi wa mtandaoni. Tiketi zako zote nunua ukiwa bado nyumbani, kwa kuwa benki hutuma namba ya siri kwenye laini yako ya Uganda kabla ya kukubali malipo, na laini hiyo ikiwa imezimika ukiwa Oslo hutaipata namba, wala tiketi. Ratiba na tiketi za kampuni zote utazipata kwa pamoja kupitia Entur, programu ya taifa ya usafiri. Kampuni ya Vy huendesha treni za Oslo hadi Bergen, na SJ huendesha za kaskazini kuelekea Trondheim na Bodø.

Iko pia pasi ya Eurail kwa watu wasio wakazi wa Ulaya, ambayo hukuruhusu kupanda treni kwa idadi fulani ya siku ndani ya mwezi mmoja, na wauzaji wa pasi hiyo, tofauti na reli za Norway, humpunguzia mzee asilimia 10 tangu akiwa na miaka 60. Kwa maoni yangu pasi inamfaa mtu asiyependa kufungwa na saa. Anayeweza kupanga safari tatu au nne ndefu mapema atatumia fedha kidogo zaidi kwa tiketi za kawaida za bei nafuu. Ukichukua pasi, kumbuka kwamba kiti huwekwa nafasi peke yake, na kwamba reli ya Flåm haimo ndani yake, ila wenye pasi hupunguziwa asilimia 30 ya nauli yake.

Saa za Waswahili na saa za treni

Hapa ndipo nilipoteleza. Tiketi yetu ya kwanza ilisema treni inaondoka 08.25, nami katika daftari langu nikaandika kwa haraka, «Bergen, saa 8.25». Asubuhi ya safari nilitoka kutafuta dawa ya macho nikimwachia mke wangu daftari. Yeye, ambaye hajawahi kuisoma saa nane kama kitu kingine isipokuwa saa nane ya mchana, alipanga nguo taratibu, akaoga, akakaa dirishani kunywa chai. Niliporudi saa mbili na robo nilimkuta bado yuko na kandambili. Tiketi zilikuwa za aina isiyorudishiwa fedha, na tulilipa upya zile za mchana kwa bei iliyonifanya ninyamaze hadi Drammen.

Kwa hiyo andika saa kama ilivyo kwenye tiketi, yenye tarakimu nne, na pembeni yake uandike kwa maneno: 08.25 ni saa mbili na dakika ishirini na tano asubuhi, 14.03 ni saa nane na dakika tatu mchana, 23.03 ni saa tano na dakika tatu usiku. Usitegemee anga likusaidie. Mwezi Juni jua la Oslo huzama karibu saa tano za usiku, na mji wa Bodø hauoni machweo kabisa kuanzia mwanzoni mwa Juni hadi siku za mwanzo za Julai, kwa hiyo mwanga wa dirishani hauwezi kukuambia chochote. Saa ya Norway iko nyuma ya yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi na saa mbili wakati wa baridi.

Tiketi itataja «vogn», yaani behewa, na «sete», yaani kiti. Ubao wa stesheni utataja «spor», ambayo ni njia ya reli treni inakosimama. Neno la kuogopa ni «innstilt», treni imefutwa. «Forsinket» ni kuchelewa tu. Ukiona «buss for tog», ina maana kwamba kipande fulani cha reli kimefungwa na abiria watapelekwa kwa basi, jambo la kawaida wakati wa kiangazi kwa sababu ndio msimu mafundi wanapotengeneza reli. Basi hilo halina malipo ya ziada, lakini huondoa sababu iliyokupeleka huko, kwa hiyo angalia ratiba ya siku yako kabla ya kununua. Maumbile nayo yana lake: mwezi Agosti 2023, baada ya mvua za kimbunga kilichoitwa Hans, daraja la reli la Randklev karibu na Ringebu lilianguka mtoni, na reli ya Oslo hadi Trondheim ikabaki imekatika hadi mwaka uliofuata.

Nguo, na chakula cha njiani

Koti zito usilinunue Oslo. Nenda Owino, soko la mitumba la Kampala, siku ya katikati ya juma, wakati marobota mapya yamefunguliwa na umati haujawa mkubwa, utafute koti lisilopitisha maji lenye kofia. Lijaribu zipu mara tatu mbele ya muuzaji, kisha uligeuze ndani nje na kukagua mishono ya mabegani, kwa kuwa hapo ndipo maji hupenyea. Ndani yake vaa sweta la sufu na fulana ya mikono mirefu. Bergen hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na mwavuli huvunjwa na upepo.

Kuhusu chakula, nyama, maziwa na vitu vitokanavyo nayo haviruhusiwi kuingia kutoka nje ya Ulaya, kwa hiyo samli na nyama kavu ziache nyumbani. Karanga za kukaanga tulibeba. Behewa la mkahawa lipo katika treni za mbali, na bei zake ni za Norway. Wenyeji wenyewe hawalitegemei: ilipofika saa sita, mama mmoja mkabala nasi alifungua karatasi laini, ndani yake vipande vya mkate vimepangwa, kila kimoja kimetengwa na mwenzake kwa karatasi, juu yake jibini ya rangi ya kahawia yenye utamu kama wa maziwa yaliyochemka mpaka yakagandamana. Huko huitwa «matpakke», nacho ni chakula cha mfukoni cha mtoto wa shule na cha waziri. Nunua mkate na mayai dukani jana yake. Maduka mengi makubwa hufungwa Jumapili, na maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa.

Kutoka Oslo hadi Bergen

Uwanja wa ndege wa Oslo uko Gardermoen, kilomita kama 50 nje ya mji. Utaona mabango makubwa ya treni ya haraka ya uwanjani. Ipuuze, upande treni ya kawaida ya Vy kutoka stesheni iyo hiyo, ambayo huchukua dakika chache tu zaidi kwa karibu nusu ya nauli. Lala Oslo usiku mbili kabla ya kupanda treni ndefu. Mwili wa mzee huhitaji hivyo baada ya ndege mbili, maana kutoka Entebbe lazima ubadilishe ndege mahali fulani.

Reli ya Bergen ilifunguliwa mwaka 1909. Ni karibu kilomita 500, mwendo wa saa sita na nusu hadi saba, na ina mahandaki yapatayo 180. Keti upande wa kushoto unapotoka Oslo. Sababu yake utaielewa baada ya Geilo, miti inapoanza kupungua, ikawa vichaka, kisha mawe na madimbwi yaliyofunikwa barafu, hata mwezi Juni, na treni inafika Finse. Stesheni hii ndiyo iliyo juu kuliko zote za Norway, mita 1,222 juu ya usawa wa bahari. Nilipousoma mwinuko huo ukutani nilidhani nimekosea, kwa kuwa Kampala nayo iko kwenye mita 1,200 hivi. Mtu anayekula muwogo wa kuchoma pale Wandegeya yuko kwenye mwinuko ule ule, ila sisi, ili tuone barafu isiyoyeyuka, lazima tupande Rwenzori karibu na kilele cha Margherita, ambacho kina mita 5,109. Pale Finse barafu ya Hardangerjøkulen huonekana kwa kuangaza macho upande wa kusini, ukiwa umekaa kitini na karanga mkononi. Barabara ya magari hakuna. Kila aliyepo pale amekuja kwa treni, kwa miguu, au kwa baiskeli juu ya njia ya Rallarvegen waliyoitengeneza wajenzi wa reli yenyewe.

Usiende moja kwa moja hadi Bergen. Shuka Myrdal, stesheni inayofuata kubwa, uingie treni ya Flåm inayosubiri ng'ambo ya jukwaa. Reli hii ina kilomita 20 tu, lakini katika kilomita hizo hushuka kutoka mita 867 hadi mita 2, ambapo katika sehemu kali zaidi hushuka mita moja kwa kila mita 18 za mwendo, na bila meno wala kamba ya kuivuta, magurudumu ya kawaida juu ya reli ya kawaida. Mahandaki yake ni 20, na 18 kati ya hayo yalichimbwa kwa mikono. Treni za kwanza zilipita mwaka 1940. Katikati ya safari treni husimama kwenye maporomoko ya Kjosfossen, watu wote hushuka kupiga picha, na wakati wa kiangazi mwanamke mwenye nguo nyekundu hutokea juu ya mawe akicheza kwa muziki, akiigiza «huldra», jini wa kike wa misitu yao anayewapoteza wanaume. Mke wangu alinishika mkono wa koti mpaka tukarudi ndani.

Lala Flåm usiku mmoja. Wengi huteremka, hununua kikombe cha ukumbusho na kupanda tena baada ya saa mbili, wakiacha kilicho bora zaidi: asubuhi yake kuna boti ya kwenda Gudvangen kupitia fyodi ya Nærøy, ghuba nyembamba ya bahari iliyobanwa kati ya kuta za milima, ambayo imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2005. Kutoka Gudvangen basi hukupeleka Voss, na hapo unarudi kwenye treni ya Bergen. Mzunguko huu hauna ugumu wowote, mradi tiketi za vipande vyote vitatu ziwe za siku moja na nafasi ya saa nzima kati ya basi na treni.

Bergen itoshe siku moja ya kutembea. Ukiweza kupanda vilima vya Kololo utaweza na huko, na asiyeweza kuna treni ndogo ya kupandisha mlima wa Fløyen.

Kuelekea kaskazini

Hakuna reli ya pwani kati ya Bergen na Trondheim, jambo ambalo ramani ndogo hufanya lisionekane. Unarudi Oslo, na ninashauri urudi kwa treni ya mchana vilevile, ukiketi safari hii upande wa kulia ili uione tena barafu ya Finse, kisha kesho yake uchukue reli ya Dovre. Reli hii ya mwaka 1921 hufuata ziwa Mjøsa, kubwa kuliko maziwa yote ya Norway, ingawa aliyezoea Nalubaale, yaani ziwa Victoria, atatabasamu. Pale Dombås inachipuka reli ya Rauma, kilomita 114 hadi Åndalsnes, ikipita chini ya ukuta wa mwamba wa Trollveggen. Mwenye siku ya ziada asiikose; asiye nayo aendelee Trondheim, alale usiku mbili, aingie kanisa kuu la Nidaros.

Safari ya Trondheim hadi Bodø ndiyo inayomtenganisha anayependa treni na anayependa kufika. Ni kilomita 729, zaidi ya mwendo wa barabara kutoka Kampala hadi Nairobi, na huchukua saa kumi hivi. Sehemu kubwa ya reli haina umeme, kwa hiyo injini ni za dizeli, na kwangu mimi niliyekulia Tororo mkabala wa reli, mtetemo ule wa sakafu ulikuwa wa nyumbani. Ipo treni ya usiku yenye vitanda, na vijana huipenda. Wewe chukua ya asubuhi, kiti cha kushoto, kwa sababu maji ya fyodi ya Trondheim yako upande huo saa za mwanzo. Sehemu ya reli hii ilijengwa wakati wa vita vya pili vya dunia na mateka wa kivita waliolazimishwa na Wajerumani, wengi wao Warusi na Wayugoslavia, na wengi walifia kazini. Ilifikishwa Bodø baada ya vita na kufunguliwa rasmi mwaka 1962.

Baada ya Mo i Rana treni hupanda uwanda wa Saltfjellet, miti ikatoweka tena, na kondakta wetu akatangaza kwamba tunakaribia mstari wa Aktiki. Weka simu tayari mapema. Alama zake ni minara midogo ya mawe kila upande wa njia, nayo hupita kwa kufumba na kufumbua. Pale Kayabwe mtu husimama, akanunua kahawa na kupigwa picha ndani ya duara la ikweta, lakini huku treni haipunguzi mwendo hata kidogo. Mimi niliipata picha ya mkono wa mke wangu ukionyesha dirisha.

Reli inakomea Bodø. Usijaribu kurudi Oslo kwa treni siku inayofuata, maana kwa treni za mchana ni siku mbili nzima; uwanja wa ndege uko karibu na mji, na ndege ya Oslo ni ya saa moja na nusu hivi. Acha usiku mmoja kamili kati ya ndege hiyo na ile ya kurudi Entebbe, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iweke pamoja na pasipoti kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu Entebbe wataitaka kabla hujalifikia sanduku lako.